Nyumba Iandaliwe kwa Saa Mbaya

Siku mzazi anaporuhusiwa kutoka hospitali baada ya upasuaji wa nyonga, watu wa nyumbani hupewa maelekezo ya mfupa. Asikunje nyonga kupita digrii 90, asikunje nne, asigeuze mguu kuelekea ndani, alale na mto katikati ya magoti, atembee na fremu, arudi kliniki baada ya wiki kadhaa. Maelekezo hayo ni sahihi, na kwa mtu aliyevunjika nyonga tu yanatosha. Kwa mzazi aliyekuwa na ugonjwa wa Parkinson kabla hajaanguka, yanajibu nusu ya swali. Nyonga iliyowekewa kiungo bandia ina muda wake wa kupona, na masharti yake makali kwa kawaida hulegezwa ndani ya miezi mitatu. Ugonjwa uliomwangusha hauna muda kama huo. Kuuguza kumenifikisha kwenye msimamo mmoja, nao ndio ninaoutetea hapa: nyumba ya mgonjwa wa namna hii isiandaliwe kwa kumtazama anavyoonekana saa nne asubuhi, dawa ikiwa imemkolea. Iandaliwe kwa ile saa ambayo dawa imemwisha mwilini, usiku wa manane, umeme umekatika, na haja inambana.

Jina tulilouzoea, ugonjwa wa kutetemeka, limechangia kutupotosha. Hata James Parkinson, daktari wa London aliyeuandikia kijitabu mwaka 1817, aliuita kwa mtetemeko wake. Alieleza habari za watu 6 tu, baadhi yao akiwa amewaona wakipita njiani, na kinachomgusa anayemtazama mtu njiani ni mkono unaotikisika. Lakini mkono unaotikisika hauvunji nyonga. Wagonjwa huangushwa na mambo yasiyovuta macho: misuli inayokakamaa, hatua zinazofupika na kuburuzwa, miguu inayoganda ghafla kana kwamba imegundishwa sakafuni, na kupotea kwa ile kinga ya mwili inayomfanya mtu apige hatua ya kujiokoa anapoyumba. Ongeza presha inayoshuka anaposimama, ambayo huletwa na ugonjwa wenyewe na pia na baadhi ya dawa zake. Ndiyo maana utaikuta familia imenunua kikombe chenye mfuniko na kijiko chenye mpini mnene, vitu vya kuusaidia mkono, na kizingiti cha mlango wa choo kimeachwa kilivyo. Na hao angalau wanaujua ugonjwa. Utafiti wa nyumba kwa nyumba wilayani Hai, Kilimanjaro, uliochapishwa mwaka 2008, uliwapata wagonjwa 33 kati ya watu zaidi ya 160,000, na wengi wao hawakuwa wamewahi kuambiwa na mganga yeyote kwamba wana Parkinson. Walikuwa wakiitwa wazee, basi.

Ushahidi mkubwa wa hoja yangu umo ndani ya kidonge. Ubongo wa mgonjwa umepoteza seli zinazotengeneza dopamini, kemikali inayouwezesha mwili kuanza mwendo na kuuendeleza. Levodopa, inayotolewa pamoja na kabidopa, ndiyo malighafi ambayo ubongo huigeuza kuwa dopamini. Dawa hii haikai mwilini. Katika muda wa kama saa moja na nusu, nusu yake imeshatoka kwenye damu. Miaka ya mwanzo seli zilizobaki huweka akiba, na mgonjwa haoni pengo kati ya dozi na dozi. Akiba ikiisha anaanza kuishi kwa saa ya kidonge: anafunguka, anafungwa, anafunguka tena. Asubuhi anatembea mpaka barazani na kumsalimu jirani. Mchana, dozi ikiwa imechelewa, hawezi hata kujigeuza kitandani. Asiyejua humwambia anajidekeza, maana mbona asubuhi aliweza? Mtaalamu wa mazoezi wodini humwona saa za kazi, mara nyingi dawa ikiwa juu, na kuandika kwamba anatembea kwa fremu bila shida. Ameandika kweli, lakini kweli ya saa moja. Nyumbani atakaa na saa zote 24, na iliyo ngumu kuliko zote kwa wengi ni alfajiri, kabla ya dozi ya kwanza, mwili ukiwa umepitisha usiku mzima bila kitu.

Kwa hiyo kitanda kwanza. Magodoro ya sponji yaliyotumika miaka mingi hubonyea, na mtu akikaa ukingoni, makalio hushuka chini ya usawa wa magoti. Hapo sharti la digrii 90 limevunjwa kabla hajajaribu kusimama. Kipimo hakihitaji utaalamu. Pima kutoka sakafuni mpaka nyuma ya goti lake, akiwa amevaa viatu vya ndani, kisha kitanda, kiti na choo vyote viwe juu ya hapo kidogo, nyayo zake zikikanyaga chini barabara, na vipimwe vikiwa vimekaliwa. Matofali yanayopangwa chini ya miguu ya kitanda husogea. Afadhali seremala achonge vigogo vyenye shimo la kuzamisha mguu wa kitanda. Kishikio cha mbao kilichofungwa imara ubavuni kwa boliti humpa pa kushika anapojigeuza, kazi ambayo mgonjwa wa Parkinson huiona nzito kuliko kutembea. Halafu kuna chandarua, ambacho maelekezo ya hospitali hayakitaji. Hakiwezi kuondolewa, kwa kuwa malaria haimwonei huruma aliyetoka kupasuliwa, lakini kikichomekwa chini ya godoro pande zote kinakuwa mtego kwa mtu anayetafuta njia ya kutoka gizani kwa mikono mizito. Kifungwe juu ya fremu, kiwe na upenyo upande anaoshukia, na pindo la upande huo lisiburuze sakafuni. Dera refu nalo libadilishwe na nguo ya kulalia inayoishia juu ya kifundo cha mguu, na kandambili zitoe nafasi kwa kiatu kinachoshika kisigino.

Sehemu ninayoisisitiza kuliko zote ni choo, kwa sababu ndipo usalama na heshima hukutana. Nyumba nyingi za kwetu zina choo cha kuchuchumaa. Kuchuchumaa ni mkao unaoikunja nyonga mpaka mwisho wake, na ni mmoja wa mikao ambayo kiungo bandia kinaweza kuchomokea. Kwa mgonjwa wa Parkinson, ambaye kwake kuchomoka huko ni hatari kubwa kuliko kwa wengine, kuinuka kutoka hapo ni jambo lisilowezekana hata kama nyonga ingekuwa nzima. Wengi hukata tundu kwenye kiti cha plastiki na kukiweka juu ya shimo. Kiti hicho hutanua miguu kwenye marumaru yenye maji, hasa kikikaliwa na mtu anayejitupa badala ya kukaa polepole, na kujitupa ni dalili ya ugonjwa. Kiti kiwe cha mbao ngumu, chenye mikono ya kuegemea, kimekazwa ukutani au sakafuni kisiyumbe. Vishikio viwe vya bomba la chuma lililozamishwa ukutani kwa saruji, na fundi aambiwe waziwazi kwamba patashikwa na mtu mzima anayeanguka, maana skrubu mbili kwenye tofali la mchanga hung'oka siku ile ile zinapohitajika. Kuoga nako ni kwa kukaa, ndoo ikiwa juu ya stuli, ili mkono unaochota kwa kata usiyafuate maji sakafuni. Usiku asiende chooni kabisa. Kiti chenye tundu na ndoo yake kikae karibu na kitanda. Wapo wanaoona aibu kuweka ndoo chumbani kwa mama. Lakini aibu iliyo kubwa zaidi ni mama kushikwa na mtoto wa kiume, au na mkwe, akiwa hajastirika, kwa sababu hakuna cha kushika isipokuwa mwili wa mtu mwingine. Bomba lililojengewa ukutani linamwachia mzazi stara yake, na sioni zawadi iliyo bora kuliko hiyo.

Milangoni ndiko miguu huganda. Ubongo ulionyimwa dopamini hupoteza mwendo wa kujiendea, na mahali pembamba, kona au badiliko la sakafu huukatiza. Mwili wa juu unaendelea mbele na miguu inabaki. Hapa kuna jambo la faraja. Mwaka 1967 James Purdon Martin, daktari wa mishipa ya fahamu wa London, alieleza katika kitabu chake jinsi wagonjwa walioshindwa kutembea kwenye sakafu tupu walivyotembea walipowekewa mistari ya kukatiza njia, wakiiruka mmoja baada ya mwingine. Mstari unaoonekana huupa ubongo njia nyingine ya kuanzisha hatua. Basi utepe wa rangi kali, uliogandishwa vizuri mlangoni na njia ya kwenda chooni, kila mmoja mbali na mwenzake kwa urefu wa hatua moja, ni kifaa cha tiba kinachouzwa dukani kwa bei ya utepe. Sauti nayo husaidia: kuhesabu moja, mbili, moja, mbili, kwa mdundo usiobadilika. Kinachodhuru ni kumvuta mkono na kumhimiza, jambo ambalo kila mwenye huruma hulifanya. Vizingiti vivunjwe au vilainishwe kwa saruji kuwa mteremko. Viti na meza visogezwe ili ageuke kwa kuzunguka mduara mpana, maana kujigeuza papo hapo juu ya mguu uliopasuliwa ni hatari kwa nyonga na ni hatari kwa ugonjwa, na mara hii moja maelekezo ya pande zote mbili yanakubaliana. Mikeka, mazulia na nyaya viondoke njiani. Kuhusu fremu ya kutembelea, mtaalamu aulizwe kama yenye magurudumu ya mbele itamfaa zaidi, kwa sababu ile ya kunyanyua kila hatua humkatiza mwendo mtu ambaye mwendo wake tayari unakatika. Anayesali kwenye mkeka atasali kitini, na akiashiria sujudu kwa kichwa badala ya kuinama, sala yake ni kamili na nyonga yake ni salama.

Hata hivyo, ukijenga yote haya na dawa ikachelewa, umejenga bure. Kwangu mimi saa ya ukutani, yenye tarakimu kubwa na kengele, ni sehemu ya ukarabati kama kilivyo kishikio cha chooni. Dozi ya saa sita ni ya saa sita. Si ya saa saba kwa kuwa dada wa kazi alikuwa sokoni. Chakula kiifuate dawa, si dawa ikifuate chakula, kwa kuwa nyama, maharage na maziwa hushindana na levodopa kupita kutoka tumboni kwenda kwenye damu na kutoka kwenye damu kwenda kwenye ubongo. Kwa wengi kuimeza nusu saa au zaidi kabla ya mlo huleta tofauti inayoonekana. Protini isikatwe, jeraha linaihitaji, lakini itengwe na kidonge kwa muda, kwa ushauri wa daktari. Dawa isikatishwe ghafla kwa sababu yoyote, hata siku ya upasuaji, bila mpango wa daktari, na kwa kuwa haipatikani katika kila duka la dawa, akiba yake iwekwe kabla ya pakiti ya mwisho kufunguliwa. Na kuna dawa mbili ambazo ndugu anapaswa kuzijua kwa majina tangu wodini. Metoklopramaidi, ambayo wengi huijua kama Plasil, hutolewa kwa kichefuchefu baada ya ganzi. Haloperidoli hutolewa mgonjwa anapochanganyikiwa baada ya upasuaji, jambo ambalo huwapata wazee wengi. Zote mbili huizuia dopamini kufanya kazi, na mgonjwa wa Parkinson anayepewa anaweza kukakamaa kama aliyerudi nyuma miaka. Daktari akikumbushwa kwamba mgonjwa ana Parkinson, atatafuta nyingine. Majina hayo mawili yaandikwe kwa kalamu nene kwenye karatasi inayokaa na kadi yake ya kliniki.

Pingamizi la kwanza ni fedha, na silipuuzi, kwa sababu familia iliyotoka kulipia upasuaji mara nyingi imekwisha kuuza ilichokuwa nacho. Lakini karibu kila kitu nilichokitaja ni mbao, saruji, bomba, utepe na siku mbili tatu za fundi. Kitanda cha hospitali cha kupanda na kushuka hakimo, na hakimo kwa makusudi. Mgonjwa aliyelazwa juu ya kitanda cha bei kubwa katika nyumba yenye choo cha kuchuchumaa bado yumo hatarini. Pagumu ni kwa waliopanga. Anayeishi chumba kimoja, choo cha pamoja kikiwa uani, hawezi kuvunja kizingiti cha mwenye nyumba wala kujenga bomba katika choo cha wapangaji sita. Huko nyumba ya saa mbaya itakuwa kitanda chenye urefu unaofaa, kiti cha tundu chumbani, mteremko wa mbao uliokazwa mlangoni na taa ya chaji inayofikika kwa mkono. Si kamili. Lakini safari za uani usiku, ambazo ndizo za kuogopwa zaidi, zitakuwa zimekwisha.

Pingamizi la pili lina nguvu zaidi kwa sababu linatoka kwenye upendo. Watoto husema: kwa nini ahangaike na vishikio na mistari, sisi tupo? Alitubeba, sasa tumbebe. Mama alale, aletewe kila kitu, asiguse chini. Naielewa kauli hiyo, na ninaamini ndiyo inayowadhuru wazazi wengi walioponyeka kwenye meza ya upasuaji. Mwili uliolazwa baada ya upasuaji wa nyonga huganda damu miguuni, hujaa makohozi kifuani, hupata vidonda mgongoni na kisiginoni. Na mwili wenye Parkinson, usipotumika, hukakamaa mara mbili. Kumpumzisha mgonjwa huyu kunaweza kumwondolea kutembea moja kwa moja. Heshima iliyo kwenye nafasi yake ni kukaa upande wake na kumwacha ainuke mwenyewe, ajisogeze mpaka ukingoni, avute miguu nyuma, aegemee mbele kwa kiasi alichoruhusiwa, atulie kidogo akiwa amekaa ili presha isimwangushe, ndipo asimame. Inachukua dakika tano kwa jambo ambalo kijana mwenye nguvu angelimaliza kwa kumnyanyua mara moja. Dakika hizo tano ndizo mazoezi yake. Anayemhudumia, awe mtoto au dada wa kazi, afundishwe hilo kabla ya siku ya kwanza, maana mtu asiyefundishwa humnyanyua mgonjwa kwa kumvuta kwapani.

Wapo pia wanaosema kwamba kuiandaa nyumba kwa saa mbaya ni kumtabiria mzazi mabaya, na kwamba ukimzungushia mabomba unamwambia kila siku kuwa ni mgonjwa. Neno hili wazazi wenyewe hulisema, na wana haki ya kulisema, kwa kuwa nyumba ni yao. Mama aliyepanga sebule yake kwa miaka 40 hapendi kukuta zulia lake limekunjwa na kusimamishwa kwenye kona. Ninachokubali ni kwamba mabadiliko yafanywe naye, si juu yake. Aulizwe ni wapi huganda, ni mlango gani anauogopa, mkono upi una nguvu. Anajua kuliko fundi na kuliko daktari, na mara nyingi hajaulizwa. Akikataa kuondoa zulia, lisogezwe ukutani ambapo hapapitwi. Nisichokubali ni kuacha kuandaa kwa kuogopa kumhuzunisha. Bomba la ukutani halimsumbui mtu katika saa njema. Atapita bila kuligusa. Aliyevunjika nyonga ya kushoto kwa kuganda mlangoni, na akarudishwa kwenye mlango ule ule, bado ana nyonga ya kulia.

Ikiwa mzazi wako yuko wodini sasa hivi, usingoje siku ya kuruhusiwa. Muulize muuguzi saa kamili za kila dozi na uziandike. Mwombe mtaalamu wa mazoezi amwone mara moja alfajiri kabla ya dawa, au angalau asikie kutoka kwako anavyokuwa saa hiyo. Kisha nenda nyumbani usiku, zima taa, lala kwenye kitanda chake ndani ya chandarua, ujaribu kufika chooni kwa hatua fupi, miguu ikiburuza, bila kuinama na bila kuegemea kitu kinachosogea. Kila mahali utakapokwama, mwonyeshe fundi kesho yake asubuhi.